Uchunguzi wa Kuongozwa katika Somo la Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu wa Uganda

Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayorudi kila walimu wa sayansi wanapokutana, iwe ni katika semina za wilaya, katika chumba cha walimu au wakati wanachuo wanapokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yenye utata, na pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa kwenye namba ya swali husika. Mifano mingi ni ya sekondari ya chini, yaani Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, lakini mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi anaweza kuitumia kwa marekebisho madogo.

## Mambo ya msingi

1. Uchunguzi wa kuongozwa ni nini hasa?

Ni njia ya kufundisha ambayo mwalimu huweka swali mbele ya darasa, na wanafunzi huamua namna ya kulijibu, hukusanya ushahidi, kisha hujenga maelezo yanayotokana na ushahidi huo. Mwalimu hatoi jibu mwanzoni, wala hawaachi wanafunzi watangetange. Kazi yake ni kuchagua swali linalojibika, kuandaa vifaa, kuweka mipaka, na kuuliza maswali madogo yanayowarudisha wanafunzi kwenye jambo lenyewe kila wanapopotoka.

Kinachoitambulisha njia hii ni mpangilio wake: ushahidi hutangulia maelezo. Mwalimu anayeeleza kanuni ubaoni, kisha akawapa wanafunzi vifaa ili waione kanuni hiyo ikitimia, amefanya kazi halali na mara nyingine yenye manufaa, ila hajafundisha kwa uchunguzi.

2. Unatofautianaje na majaribio ya maabara tuliyoyazoea?

Mwaka 2008 Heather Banchi na Randy Bell walieleza ngazi nne ambazo walimu wengi huzitumia hadi leo. Katika ngazi ya kwanza, ya uthibitisho, mwanafunzi hupewa swali, hatua na jibu. Katika ya pili, yenye muundo, hupewa swali na hatua, lakini si jibu. Katika ya tatu, ambayo ndiyo ya kuongozwa, hupewa swali tu. Katika ya nne, iliyo huru, swali lenyewe hutoka kwake.

Chukua pendulamu, yaani jiwe lililofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa. Katika ngazi ya kwanza wanafunzi huambiwa kwamba muda wa kwenda na kurudi hutegemea urefu wa uzi, kisha wathibitishe. Katika ngazi ya tatu huulizwa: ni nini kinachoamua muda huo? Wengi hubashiri kwamba jiwe zito litakwenda upesi zaidi, na wanapobadilisha jiwe bila kugusa uzi wakaona muda ni uleule, ndipo mazungumzo yenye thamani yanapoanza. Uzi wa karibu sentimita 25 hutoa muda wa sekunde moja na wa mita moja hutoa sekunde mbili, alimradi jiwe halivutwi mbali sana kando. Kundi linalogundua lenyewe kwamba urefu lazima uongezwe mara nne ili muda uongezeke mara mbili halihitaji kukaririshwa.

3. Je, hili ni jambo geni lililoletwa na mtaala mpya?

Hapana. Mpango wa SESEMAT, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA na kufuata nyayo za mpango kama huo wa Kenya, ulikuwa tayari unawafunza walimu wa sayansi na hisabati kuweka mbele shughuli, mwanafunzi, majaribio na ubunifu wa vifaa. Walimu waliopitia semina zile watakuta mengi humu wanayafahamu.

Kilichobadilika ni mfumo unaoizunguka njia hii. Mtaala wa sekondari ya chini wa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, NCDC, ulioanza Februari 2020, umejengwa juu ya umahiri badala ya wingi wa maarifa. Ulianza kwa bahati mbaya, maana shule zilifungwa Machi mwaka huohuo kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, hivyo walimu wengi waliufahamu mtaala kwa kuufundisha kuliko kwa kuandaliwa.

4. Kuna ushahidi kwamba wanafunzi hujifunza zaidi kwa njia hii?

Upo, lakini wenye sharti, na sharti hilo ndilo watu hulisahau. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa hoja kali kwamba kufundisha kwa mwongozo hafifu huwalemea wanaoanza, kwa kuwa akili yao hushughulika na kutafuta njia badala ya kuelewa jambo. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake walijibu kwamba uchunguzi uliopangwa vizuri hauna mwongozo hafifu hata kidogo. Mwaka 2011 Louis Alfieri na wenzake walichambua tafiti 164 wakakuta kwamba ugunduzi usio na msaada huleta matokeo duni kuliko kufundisha moja kwa moja, ilhali ugunduzi wenye msaada huleta matokeo bora kuliko njia nyingine walizozilinganisha.

Kwa hiyo mwalimu anayesambaza vifaa kisha akaketi kusahihisha madaftari asidai kwamba utafiti unamuunga mkono. Neno la kushikwa katika jina la njia hii ni «kuongozwa».

## Kuandaa na kuendesha somo

5. Nitapataje swali zuri?

Hapa ndipo somo linaposimama au kuanguka, na ni afadhali kutumia nusu saa kutafuta swali kuliko siku mbili kutafuta vifaa. Swali zuri lina sifa tatu. Linajibika kwa vitu vilivyopo na kwa muda uliopo. Wanafunzi wanaweza kutofautiana kulihusu kabla ya kuanza. Na jibu lake linaelekea kwenye dhana iliyomo katika silabasi.

«Usanisinuru ni nini?» si swali la uchunguzi, maana hujibiwa kwa kufungua kitabu. «Je, jani lililofunikwa kwa siku mbili lina wanga sawa na lililokaa juani?» ni swali la uchunguzi. «Kwa nini ndizi huiva?» ni pana mno, lakini «Wanga wa ndizi hubadilikaje kadiri inavyoiva?» linafaa sana, kwa kuwa matone ya iodini iliyozimuliwa hugeuza kipande cha bogoya (ndizi tamu ya kuliwa mbivu) iliyo mbichi kuwa na rangi ya buluu inayokaribia weusi, na rangi hiyo hupungua sana kwenye ndizi iliyoiva vizuri. Mwanafunzi anayejua kwamba bogoya mbivu ni tamu na mbichi si tamu ana nusu ya maelezo mdomoni mwake kabla hujasema lolote kuhusu sukari.

Jaribu pia kuligeuza swali ulilolizoea. Kila sura ya kitabu inayoanza na «thibitisha kwamba» ina swali la uchunguzi lililofichwa ndani yake: ondoa jibu, ondoa baadhi ya hatua, na utalipata.

6. Somo lipite katika hatua zipi?

Mpangilio unaotumika zaidi ni ule wa hatua tano uliotokana na kazi ya Rodger Bybee na wenzake wa BSCS, taasisi ya mitaala ya sayansi nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980: kuvutia, kuchunguza, kueleza, kupanua na kutathmini. Usiutumie kama fomu ya kujazwa. Cha muhimu ni kwamba kueleza kunakuja baada ya kuchunguza.

Tuseme una vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, na mada ni upitishaji wa joto. Anza kwa kuuliza kwa nini wapishi hufunga matoke kwa majani ya mgomba na kuyaacha jikoni kwa saa nyingi. Wape dakika tano za kujibu bila kusahihisha mtu, kisha weka swali: kati ya vitu vilivyo mezani, kipi kitahifadhi joto la maji kwa muda mrefu zaidi? Mezani pawe na vikombe vinavyofanana, majani makavu ya mgomba, gazeti, kitambaa, karatasi ya plastiki, themomita na maji ya moto. Makundi yapange kwa dakika kumi, na hakuna kundi linalopata maji ya moto kabla halijakuonyesha litakachobadilisha, litakachopima na litakachohakikisha hakibadiliki. Kizuizi hicho kidogo kina faida kuliko hotuba yoyote kuhusu jaribio la haki, yaani lile linalobadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kupima kwa kila dakika mbili kutachukua dakika 25 hivi. Kisha andika matokeo ya makundi yote ubaoni, na uliza yanafanana wapi na yanatofautiana wapi. Ni baada ya hapo tu ndipo unaingiza msamiati wa kitaalamu: upitishaji, kihami (kitu kisichopitisha joto kirahisi), hewa iliyonaswa. Dakika za mwisho ziwe za swali jipya, kwa mfano kama kitambaa hicho kinachohifadhi joto kinaweza kuzuia barafu isiyeyuke upesi. Wengi watasema hapana.

7. Ratiba yangu ina vipindi vya dakika 40 tu. Nifanyeje?

Gawa somo: kupanga leo, kupima kipindi kijacho. Pengo la siku mbili lina faida, kwa kuwa unapata nafasi ya kusoma mipango yao na kuona mapema kundi gani limesahau kitu. Njia nyingine ni kuwaachia wanafunzi sehemu moja tu ya uchunguzi: wape data tayari, nao wajenge maelezo, au wape hatua na matokeo ya kundi fulani nao watafute kasoro.

8. Nifanye nini wanapokuwa kazini?

Zunguka, sikiliza, uliza, na usubiri. Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu ya wanafunzi huwa marefu zaidi na wanaojitolea kujibu huongezeka. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko zinavyosikika. Zihesabu kwa vidole mgongoni.

Maswali machache hutosha kwa mada nyingi: Umejuaje? Umebadilisha kitu kimoja au viwili? Ungeona nini kama ungekuwa umekosea? Kundi jirani limepata tofauti, mnaelezaje? Kundi likikwama kwa zaidi ya dakika chache, lipe hatua moja, si suluhisho zima. Kundi likikuuliza kama jibu lake ni sahihi, usiseme ndiyo wala hapana. Liulize lingewezaje kulishawishi kundi lisiloamini.

## Vifaa, wingi wa wanafunzi na lugha

9. Shule yetu haina maabara. Je, inawezekana?

Inawezekana kwa mada nyingi, si kwa zote. Ukiwa na uzi, mawe, rula, chupa za maji, maharage, mihogo, iodini ya duka la dawa, ndimu, maji ya jivu na saa ya simu yako, una vifaa vya kutosha kwa muhula mzima wa maswali ya fizikia, kemia na biolojia. Maua mekundu ya haibiskasi yakilowekwa katika maji ya moto hutoa kiashiria ambacho hubadilika rangi katika asidi ya ndimu na katika maji ya jivu. Hamira, sukari na maji ya uvuguvugu ndani ya chupa iliyofunikwa kwa puto huonyesha uchachukaji kabla kipindi hakijaisha.

Hata hivyo, ubunifu wa vifaa usigeuzwe kuwa kisingizio cha kutokuinunulia shule chochote. Mkondo wa umeme unahitaji amita, na hadubini haina mbadala wa chupa.

10. Nina wanafunzi 80 darasani. Makundi yatakuwa mengi mno.

Ukigawa watano watano utapata makundi 16, na ni kweli kwamba huwezi kuwa katika makundi 16 kwa wakati mmoja. Mambo mawili husaidia. La kwanza ni majukumu: mmoja anasoma vipimo, mmoja anaandika, mmoja anashika muda, mmoja anatunza vifaa, na wa tano anaruhusiwa peke yake kuja kukuuliza. La pili ni kuugeuza wingi kuwa nguvu. Makundi 16 yanayopima jambo moja hukupa vipimo 16, na hapo somo la wastani, mtawanyiko na kipimo kinachojitenga hufundishika kwa namna ambayo darasa la wanafunzi 20 haliwezi.

Angalia nani anashika nini. Katika makundi mchanganyiko wasichana mara nyingi hupewa kalamu na wavulana wakashika vifaa, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Zungusha majukumu kila somo, kwa orodha iliyobandikwa ukutani, ili lisiwe jambo la kubishaniwa.

11. Wanafunzi wangu hujadiliana kwa Kiswahili au Kiganda. Niwakataze?

Usiwakataze. Kufikiri na kuripoti ni kazi mbili, na lugha ya kufikiria si lazima iwe ile ya kuripotia. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, wilayani Isingiro, kuna wanafunzi wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho wanachokimudu kwa hoja nzito, na Kiingereza bado ni ukuta. Ukiwalazimisha kubishana kwa Kiingereza, hawatabishana.

Mtihani, hata hivyo, ni wa Kiingereza, hivyo daraja lazima lijengwe kwa makusudi. Mjadala wa kundi uwe kwa lugha yoyote; sentensi ya hitimisho na ya ushahidi iandikwe kwa Kiingereza; na maneno kumi hivi ya mada yabandikwe ukutani kwa Kiingereza pamoja na maana zake katika lugha za darasa. Mwalimu asiyejua lugha ya kundi fulani amwombe mwanafunzi mmoja amfasirie, jambo ambalo humlazimisha mwanafunzi huyo kuielewa hoja vizuri.

12. Wanafunzi wanasubiri tu niandike notisi ubaoni. Nitawatoaje hapo?

Polepole, na bila kuwanyima notisi. Anza na ngazi ya pili (tazama swali la 2) kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda ya tatu. Mwisho wa kila uchunguzi toeni notisi kwa pamoja kutokana na matokeo yaliyo ubaoni. Mwanafunzi anayetoka na daftari tupu ataamini kwamba hakufundishwa, na mzazi wake ataamini vivyo hivyo.

## Silabasi, mitihani na upimaji

13. Je, tutamaliza silabasi?

Si kwa kufundisha kila mada kwa uchunguzi, wala hakuna anayepaswa kukudai hivyo. Alama za elementi, kanuni za kutaja misombo, vipimo vya kimataifa na muundo wa atomu hufundishwa vizuri zaidi kwa kuelezwa moja kwa moja. Chagua mada mbili au tatu kwa muhula ambazo wanafunzi hukosea mwaka baada ya mwaka, na hizo uzichunguze kwa kina.

14. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, unaithamini kazi hii?

Tangu mtihani wa kwanza wa UCE, yaani wa mwisho wa Kidato cha Nne, chini ya mtaala mpya, mwaka 2024, tathmini endelevu ya shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo na mtihani wa mwisho asilimia 80. Maswali ya mtihani huo humweka mwanafunzi mbele ya hali halisi na kumtaka atumie alichojifunza ili aitatue. Mwanafunzi aliyezoea kupanga, kupima na kutetea hitimisho lake hufika kwenye swali kama hilo akiwa na mazoezi. Aliyezoea kunakili hufika akitafuta sentensi ya kukumbuka. Shughuli za ujumuishaji, yaani kazi zinazounganisha yaliyojifunzwa, na miradi inayodaiwa na mtaala ndiyo sehemu rahisi zaidi ya kuingiza uchunguzi bila kuiongezea ratiba kitu.

15. Nitatoaje alama kwa haki?

Toa alama kwa mambo manne: mpango unaobadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, data iliyoandikwa kama ilivyopimwa, dai linalojibu swali, na hoja inayounganisha data na dai. Usahihi wa jibu la mwisho uwe na uzito mdogo.

Onyo moja linahitaji mkazo. Pale ambapo alama hutolewa kwa jibu «sahihi», wanafunzi hupika data, na hufanya hivyo kwa ustadi. Kundi lililoandika matokeo ya ajabu na kukiri kwamba hayaeleweki lipate alama zaidi kuliko kundi lenye namba safi ambazo hazikupimwa. Ukilisema hilo mwanzoni mwa muhula na kulitimiza katika kazi ya kwanza, tabia hubadilika.

## Mambo yenye utata

16. Nifanye nini matokeo yakipingana na kitabu?

Kwanza chunguza kama kitabu kinazungumzia hali ileile. Mfano wa kila mwaka ni maji yanayochemka. Kitabu kinasema nyuzi 100. Darasa la Kampala linasoma karibu 96, na darasa la Kabale karibu 93 au 94. Walimu wengi huwaambia wanafunzi waandike 100 kwa kuwa themomita «ni mbovu». Themomita inaweza kuwa mbovu kweli, lakini hapa inasema kweli: Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Nyuzi 100 ni namba ya Mombasa. Kutoka hapo swali linalofuata hujileta lenyewe: kwa nini maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva milimani kuliko pwani?

Kama hali ni ileile na bado matokeo yanapingana, rudieni kipimo, badilisheni kifaa, na linganisheni makundi. Ikiwa muda umekwisha, andika tofauti hiyo ubaoni kama jambo lililobaki.

17. Wanafunzi wakifikia hitimisho lisilo sahihi, niwaache?

La. Uchunguzi wa kuongozwa unamdai mwalimu ahakikishe kwamba darasa haliondoki na kosa, ila kosa hupingwa kwa ushahidi mwingine kwanza, na kwa maneno ya mwalimu baadaye.

Chukua mshumaa unaowaka kwenye sahani ya maji, ukafunikwa kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda, na darasa linahitimisha kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha. Vitabu vingine husema hivyohivyo. Waombe warudie kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile: maji hupanda zaidi, ingawa oksijeni iliyokuwemo ni ileile. Sasa wanalazimika kutafuta maelezo mengine, na wakiangalia vizuri wataona kwamba maji hupanda hasa baada ya moto kuzimika, hewa iliyopashwa joto inapopoa na kusinyaa. Isitoshe, mshumaa huzimika kukiwa bado kuna oksijeni nyingi ndani ya glasi. Hayo ya mwisho unaweza kuwaambia tu, kwa kuwa hawana kifaa cha kuyapima.

18. Wanafunzi wameona onyesho la maji pale Ikweta, Kayabwe. Ni la kweli?

Kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, wageni huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, upande wa pili kusini, na kushuka wima juu ya mstari wenyewe. Onyesho linapendeza, lakini si sayansi. Athari ya mzunguko wa dunia inayotajwa ipo, na ndiyo inayozungusha dhoruba kubwa, ila karibu na Ikweta inakaribia sufuri, na katika beseni dogo huzidiwa kabisa na namna maji yalivyomiminwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alifanikiwa kuionyesha katika hodhi lenye upana wa karibu mita mbili, na ilimbidi ayaache maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kufungua kizibo, tena akiwa mbali sana na Ikweta.

Usianze kwa kulikanusha. Uliza: ni nini kinachoamua upande ambao maji huzungukia? Toboa beseni hapo shuleni, acha makundi yamimine maji kutoka kushoto, kutoka kulia na katikati, na wahesabu. Watakuta kwamba wanaweza kuchagua upande wapendao bila kuhama hatua moja.

Kama unataka jambo la Ikweta lililo la kweli, simamisha fimbo wima uwanjani na upime kivuli kila baada ya dakika kumi. Wanafunzi hubashiri kwamba kivuli kitakuwa kifupi zaidi saa sita kamili mchana. Kampala kitakuwa kifupi zaidi karibu na saa saba kasoro, kwa sababu saa zetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali sisi tuko karibu na ya 32.6, kila nyuzi moja ni dakika nne. Karibu na Machi 20 na Septemba 23, fimbo iliyosimamishwa Kayabwe hukosa kivuli kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo safari ya kimasomo inayostahili nauli.

19. Kuna hatari zipi za kuzingatia?

Jani la kupimwa wanga huchemshwa ndani ya spiriti ili kuondoa kijani, na spiriti hushika moto kirahisi: weka chombo chake ndani ya maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni, kamwe si juu ya moto. Asidi ya betri ya gari isitumike darasani. Kwenye uchunguzi wa kivuli, hakuna anayelitazama jua.

Uchunguzi wa viumbe wa majini unahitaji tahadhari ya pekee. Konokono wa kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Wanafunzi wasikanyage maji. Mwalimu achote kwa ndoo yenye kamba, akiwa amevaa glavu na mabuti.

20. Vipi kuhusu mambo yasiyoweza kujaribiwa, kama radi?

Hili si swali la kinadharia nchini kwetu. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, na kila tukio la namna hiyo linapotokea, wapo wanaosema kwamba radi imetumwa. Mwanafunzi anayeleta maelezo hayo darasani asichekwe. Muulize, na uliulize darasa zima, ni ushahidi gani ungetofautisha maelezo mawili.

Uchunguzi hauhitaji jaribio kila mara, unahitaji ushahidi. Wape ramani ya shule yao yenye majengo, miti mirefu, vilima na paa za mabati, na uwaulize radi ingepiga wapi zaidi na kwa nini. Waandike kwa muhula mzima siku za ngurumo na sekunde zinazopita kati ya mwanga na mlio, wakiwa ndani ya jengo: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Waulize kama shule yao ina kinga ya radi, imeunganishwaje na ardhi, na nani aliikagua mara ya mwisho, kisha wampelekee mwalimu mkuu walichokikuta.